Kusubiri Kitabu cha Tatu cha Jack Sawyer: Mwongozo kwa Msomaji

Mwandishi Mmarekani Peter Straub alipofariki dunia Septemba 2022, wengi wetu tulidhani kwamba safari ya Jack Sawyer imezikwa pamoja naye. Yeye na mwandishi mwenzake Stephen King walimuumba mtoto huyo katika riwaya ya The Talisman mwaka 1984, wakamrudia akiwa mtu mzima katika Black House mwaka 2001, kisha pakawa kimya. Baadaye King alieleza hadharani kwamba Straub, kabla ya kufariki, alikuwa amempelekea barua ndefu yenye wazo la kitabu cha tatu, na kwamba yeye ameamua kulifuata wazo hilo. Tangu hapo wasomaji wake hatuna utulivu. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kitabu hicho kimkute tayari, hasa ikiwa anaishi Afrika Mashariki, ambako kitabu kipya cha Marekani hakimfuati mtu mlangoni.

Anza kwa kurudi nyuma, na urudi mapema. Kila kimoja kati ya vitabu viwili vya mwanzo kina zaidi ya kurasa 600, kwa hiyo msomaji wa kurasa 20 kwa siku anahitaji miezi miwili kamili. Ukihesabu siku za uchovu, za wageni na za umeme kukatika, jipe miezi mitatu. Usikubali kuambiwa kwamba muhtasari utatosha. Muhtasari utakueleza kwamba Jack, mwenye umri wa miaka 12, anaivuka Marekani kutafuta kitu cha kumponya mama yake anayeugua saratani, lakini hautakukalisha katika ile hoteli ya ufukweni New Hampshire, isiyo na wageni, ambamo mtoto anamtazama mama akivuta sigara na kukonda, na hakuna kati yao anayetaka kuwa wa kwanza kulitaja lile wanalolijua wote wawili. Bila kuionja hofu hiyo, sehemu nzima ya safari iliyobaki itakuwa matembezi tu.

Soma ukiwa na penseli. Kila Jack anapovuka kuingia Territories, ule ulimwengu wa pili ambako baadhi ya watu wa huku wana mapacha wao, weka alama pembeni na uandike amevukaje, ametokea wapi na amekutana na nani. Mwanzoni anahitaji kinywaji kichungu alichopewa na mzee Speedy Parker. Baadaye mambo yanabadilika. Kanuni hizi za kuvuka ndizo zitakazokuwa na uzito katika kitabu kipya, na ni rahisi sana kuzisahau. Msomaji wa pwani ana faida moja ndogo hapa: neno talisman na neno letu talasimu yote mawili yanatokana na Kiarabu, kwa hiyo hahitaji kufafanuliwa ni kitu cha namna gani anachokitafuta mtoto huyu.

Black House inahitaji subira ya aina nyingine, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo wasomaji wengi wanapoishia. Kitabu kinafunguliwa kwa wakati uliopo na kwa nafsi ya “sisi”, huku msimulizi akielea kama ndege juu ya mji wa French Landing, Wisconsin, akichungulia kituo cha polisi, nyumba ya wazee, chumba cha huyu na cha yule. Jack haonekani haraka. Mara ya kwanza nilikiweka chini nikiamini kwamba waandishi wamepotea njia. Mara ya pili niliisoma sura ya kwanza kwa sauti, polepole, na ndipo nilipomsikia mtambaji anayemshika msikilizaji mkono na kumzungusha mtaani kabla ya kumwonyesha maiti. Nakushauri ufanye hivyo hivyo: soma kwa sauti hadi umzoee msimulizi, kisha uendelee kimyakimya. Akishaingia Henry Leyden, mtangazaji kipofu wa redio ambaye Jack humsomea riwaya ya Dickens, hutataka kukiacha kitabu tena. Kumbuka tu kwamba adui wa kitabu hiki ni muuaji wa watoto, na kwamba nyuma yake kuna kivuli cha mtu wa kweli, Albert Fish, aliyeuawa kwa kiti cha umeme huko New York mwaka 1936. Mzazi mwenye watoto wadogo na achague wakati wa kukisoma. Mimi sikuweza kukisoma usiku.

Swali litakalofuata ni kama unahitaji pia The Dark Tower, mfululizo wa riwaya za King, kwa kuwa Black House inauingilia waziwazi. Vitabu vyake vikuu ni saba, vya kuanzia 1982 hadi 2004, na kingine kiliongezwa mwaka 2012. Mwenye muda wa mwaka mzima na avisome, na hatajuta. Asiye na muda huo na asome hadithi ya kwanza katika Hearts in Atlantis ya mwaka 1999, ile ya watu wenye makoti ya njano, kwa sababu inaeleza kwa kurasa chache zaidi ni nani wanaowinda watu wenye vipaji vya akili na kwa nini wanawahitaji. Baada ya hapo, mambo mengi ya Black House yanayoonekana kuangushwa kutoka hewani yatapata mahali pa kukaa. Vilevile soma angalau kitabu kimoja cha Straub peke yake, na ningechagua Ghost Story ya mwaka 1979. Katika The Talisman wawili hao waliigana mitindo kwa makusudi ili msomaji asijue nani ameandika ukurasa upi. Sasa mmoja hayupo, na ni haki yake tumjue vya kutosha kuweza kuisikia sauti yake iwapo itajitokeza katika kitabu kijacho, na kuisikitikia pale itakapokosekana.

Kuhusu kukipata kitabu chenyewe, amua mapema unataka toleo gani. Marekani vitabu vya King vimekuwa vikitolewa na Scribner, na Uingereza na Hodder & Stoughton; majina hayo mawili ndiyo kinga yako ya kwanza, kwa sababu kila kitabu kikubwa kinapotangazwa, hujitokeza vijitabu vya “muhtasari” na “mwongozo wa kusomea” vyenye jalada linalofanana na la kitabu halisi. Kabla ya kulipa, tazama jina la mchapishaji na idadi ya kurasa. Tarehe nazo zihakiki katika tovuti rasmi ya mwandishi, stephenking.com, kwani majalada ya kubuni huzunguka mitandaoni miezi mingi kabla ya lile la kweli. Jalada gumu kutoka Marekani ni zito, na nauli yake pamoja na ushuru vinaweza kukaribia bei ya kitabu. Wachapishaji wa Uingereza mara nyingi hutengeneza toleo kubwa la jalada laini kwa ajili ya masoko ya ng’ambo, nalo ndilo ninalokushauri uliulizie dukani kwako. Mwombe muuzaji aandike jina lako na namba ya simu kwenye daftari la maagizo wiki kadhaa kabla, kwa maana duka linaloleta nakala chache haliwezi kukuwekea ambayo hukuiomba.

Vitabu viwili vya mwanzo unaweza kuvipata kwa bei nafuu miongoni mwa vitabu vya mtumba, kama vile kwa wale wauzaji wa kando ya barabara Nairobi ambao watu huwaita “inama bookshop” kwa sababu ni lazima uiname kuchagua. Hapo nina onyo nililolipia. Nakala yangu ya kwanza ya The Talisman niliinunua kandokando ya barabara, nikasafiri nayo, nikafika mahali ambapo Jack amekaribia kabisa, na nilipofunua ukurasa nikakuta jalada la nyuma. Fungu zima la mwisho lilikuwa limechomoka kwenye gundi. Nilikaa miezi minne bila kujua kama mama yake amepona. Kwa hiyo kagua mgongo wa kitabu, kisha fungua mwisho kabla ya mwanzo, ukiyafunika maandishi kwa kiganja, na uangalie tu kwamba sentensi ya mwisho ina nukta na kwamba namba za kurasa zinafuatana.

Ukisoma pamoja na wenzako, mambo huwa mepesi. The Talisman imegawanywa katika sehemu nne, na kundi la watu watano au sita linaweza kuchukua sehemu moja kila wiki mbili. Wekeni kanuni moja tu: hakuna kutaja kilicho mbele ya mahali mlipokubaliana, hata kwa fumbo. Kanuni hiyo hiyo itumieni wakati kitabu kipya kitakapokaribia, maana wahakiki hupewa nakala kabla ya wengine na habari huvuja. Mimi husoma tangazo la mchapishaji aya ya kwanza tu, na dondoo za majaribio siziguzi, kwa kuwa dondoo hukupa sura bila kukupa njia iliyokufikisha kwenye sura hiyo.

Ikiwa tarehe itasogezwa mbele, usimkasirikie mwandishi. King mwenyewe amesimulia jinsi bibi mmoja mgonjwa wa saratani, na mfungwa mmoja aliyekuwa amehukumiwa kifo, walivyomwandikia kila mmoja kwa wakati wake wakiomba waambiwe The Dark Tower itaishaje, wakiahidi kutomwambia mtu. Hakuwajibu walichotaka kwa sababu hata yeye alikuwa hajui. Kati ya kitabu cha tatu na cha nne cha mfululizo huo ilipita miaka sita, 1991 hadi 1997, huku mashujaa wakiwa wameachwa ndani ya treni yenye wazimu.

Siku yenyewe, kama umenunua toleo la kielektroniki, kumbuka tofauti ya saa. Saa sita usiku ya New York ni saa moja asubuhi kwetu wakati wao wa kiangazi, na saa mbili wakati wa baridi. Ile ya London ni saa nane au saa tisa za usiku. Chaji kifaa chako jioni, ukizime ulale, na kitabu ukipakue asubuhi. Na ukimaliza Black House, andika kwenye karatasi maswali unayotaka yajibiwe, kisha kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza wa kitabu kipya, iweke karatasi hiyo ndani ya jalada. Yangu ina maswali matatu, na la kwanza linamhusu Speedy Parker.