Kulipunguzia ini mzigo wa sukari

Mume wangu haonji pombe, lakini ultrasaundi ilionyesha ini lake lina mafuta. Nikaanza na kikombe chake cha chai: vijiko vinne vya sukari, mara tatu kwa siku.

Sukari ya dukani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima. Fruktosi sehemu kubwa huishia kwenye ini. Huko kimeng'enya cha fruktosi (protini inayoichakata) hufanya kazi bila breki: nishati ya seli hutumika haraka, asidi ya yuriki hupanda (ndiyo iletayo jongo), na ziada hugeuzwa mafuta.

Basi fanya hivi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea taratibu, ukikata ghafla mtagombana. Soma lebo ya soda: penye gramu 10 kwa mililita 100, chupa ya nusu lita ina gramu 50. Embe litafune, usilikamue juisi, maana nyuzinyuzi huichelewesha sukari. Asali nayo imejaa fruktosi, msidanganyike. Anayetumia dawa za kisukari aongee na daktari wake kwanza.