SOMO: Kuhudumia trekta ya kukata nyasi na kutoa visu vyake, vidole vikibaki kumi

Kila mwaka mvua za Machi zikikaribia, simu yangu hainyamazi. "Fundi, Desemba ilikuwa inanguruma vizuri, sasa imekataa." "Fundi, visu vinafunguliwa upande gani?" Maswali hayo nimeyajibu kwa sauti, kwa maandishi, na siku moja ndani ya matatu ya Ngong Road huku makanga akinidai nauli. Leo naandika mara moja. Ukinipigia, nitakutumia hii.

Ninazungumzia zile trekta ndogo za petroli za kukalia, zenye deki ya visu viwili au vitatu chini ya tumbo, zilizojaa Karen, Runda na kwenye shule zenye viwanja. Gereji yangu iko Dagoretti Corner, na mashine za aina nyingi zimepita mikononi mwangu. Kitabu cha mashine yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

1. Mahali. Simiti au kabro, pawe tambarare na nje penye hewa. Usiwashe injini ndani ya stoo, moshi wake unaua na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha. Washa dakika tano oili ipate joto, zima, vuta breki, toa ufunguo. Ufunguo ukae mfukoni mwako, sio juu ya kiti. Kuna watoto, na kuna shemeji anayependa kusaidia.

2. Kuizuia isiwake. Chomoa waya wa plagi na uufunge mbali na plagi. Injini ya silinda mbili ina plagi mbili, chomoa zote. Kisha betri: hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi utaona cheche kubwa, na betri iliyotoka kuchajiwa huwa na gesi inayolipuka. Wakati wa kurudisha, hasi huwa ya mwisho.

3. Oili. Imwage ikiwa vuguvugu, sio moto. Badilisha kila saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka. Mashine mpya kabisa hubadilishwa mapema zaidi, nyingi baada ya saa 5 za kwanza. Kwa hali ya hewa ya Nairobi SAE 30 inatosha. Jaza kwa kufuata kijiti cha kupimia oili, sio kwa kufuata chupa. Na kabla hujamwaga, nusa kijiti. Kikinuka petroli na kipimo kimepanda bila wewe kuongeza, sindano ya kabureta haifungi na petroli inashuka ndani ya injini. Usiiwashe hata kidogo mpaka hilo litengenezwe.

Oili chafu isiende kwenye mtaro. Irudishe kwenye debe, wakusanyaji wapo.

4. Filta ya hewa. Ya karatasi igonge polepole, usioshe, usipulizie kompresa. Sponji ya nje osha kwa sabuni, ikauke kabisa.

5. Plagi. Pengo la 0.76 mm kwa injini nyingi. Ikiwa imeliwa, nunua mpya.

6. Visu. Hapa kaa chini usome.

Nikiwa na miaka mitatu kwenye kazi hii, niliitwa kwenye boma moja huko Karen. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilichomoa waya wa plagi, nikajiona fundi kamili. Nikainua mbele kwa jeki ya chupa, juu ya nyasi, na kipande cha ubao chini yake. Bolti ya kisu cha kushoto ilikuwa imeshika kutu. Nikavisha spana bomba refu nipate nguvu, na mkono wangu wa kushoto nikaushikiza kwenye kisu cha kulia ili nisiteleze. Unaona ujinga wangu? Visu vyote viwili vinazungushwa na belti moja. Bolti haikulegea. Kisu kilichokuwa na spana ndicho kilichozunguka, belti ikavuta mwenzake, na hicho cha kulia kikapita kwenye kiganja changu. Nilipojirusha nyuma, ubao ukazama upande mmoja, jeki ikalala, na deki ikashuka pale mkono wangu ulipokuwa sekunde moja kabla. Nilishonwa nyuzi saba. Asubuhi za baridi ya Julai vidole viwili bado havikunji vizuri.

Kwa hiyo:

Jeki ni ya kuinua, sio ya kushikilia. Ikishainua, weka stendi mbili za chuma chini ya fremu, kisha isukume mashine kwa mkono uone kama inayumba. Mawe ya kujengea hayafai, yanapasuka bila kutoa taarifa.

Weka kabari magurudumu yanayobaki chini. Breki ya trekta hizi hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, breki uliyovuta haina kazi tena. Watu wengi hawajui hili mpaka mashine ianze kutembea.

Bora zaidi, na hivi ndivyo ninavyofanya mimi sasa: toa deki yote. Shusha deki chini kabisa, legeza belti kwenye puli ya injini, toa pini zake, ivute itokee ubavuni, ipindue kwenye simiti. Ni dakika ishirini ukizoea, na hakuna uzito wowote unaoning'inia juu ya mkono wako. Kabla ya kutoa belti piga picha ya njia inayopita. Usiseme utakumbuka.

Vaa glavu nzito za ngozi. Kila kisu unachokifungua kikabe na kipande cha mbao ya nne kwa mbili kati yake na ukuta wa deki, na hakikisha hakuna kiungo chako karibu na kisu kingine chochote. Tia mafuta ya kulainisha kutu, nenda kanywe chai, rudi. Bolti nyingi hufunguka kinyume na saa, ila kuna mashine zenye nyuzi za kushoto, na ukilazimisha utaikata. Angalia kitabu.

Andika kwa chaki "CHINI" upande wa kisu unaotazama nyasi kabla hujakitoa. Yale mabawa yaliyokunjwa hutazama juu, kwenye deki. Nimeitwa mara nyingi sana kutazama mashine "iliyoharibika" ambayo visu vyake vilikuwa vimepinduliwa.

Wakati wa kurudisha tumia spana ya torki kwa kipimo cha kitabu. "Nimekaza mpaka nikachoka" sio kipimo.

7. Kunoa. Tumia tupa au grainda, ukifuata pembe ya kiwandani. Usiache chuma kigeuke bluu. Kisha tundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la kati. Upande unaolala ni mzito, upunguze kidogo. Kisu kisicho na mizani hula beringi. Kilichopasuka au kujipinda hakichomelewi, hata kama fundi wa pale kando anakuhakikishia. Ncha yake ikiwa kazini inaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Nunua kingine.

8. Deki. Kwangua nyasi zilizoganda, kagua belti kama ina nyufa, tia grisi kwenye nipeli.

9. Petroli. Iliyokaa tangu mvua za vuli itupie macho. Ikiwa imekolea rangi na inanuka kama rangi ya ukuta, imwage yote pamoja na iliyo kwenye kikombe cha kabureta. Nusu ya zile "imekataa kuwaka" zinaishia hapa. Jaza injini ikiwa baridi, na sigara ikae mbali.

10. Kabla ya kazi. Ukiwa mahali wazi, washa, washa visu, inuka kidogo kwenye kiti. Lazima injini au visu vizime. Visipozima, usikate nyasi.

Maswali chini. Soma kwanza.

---

Njoro wa Rongai: Fundi yangu haiwaki. Shida ni nini?

Mwandishi: Haiwaki vipi? Stata inazunguka? Inatoa "tik" tu? Iko kimya kabisa? Petroli ni ya lini?

Njoro wa Rongai: Haiwaki tu.

Mwandishi: Basi hatua ya 9, kisha urudi na majibu.

Otis_K: Somo poa. Mimi ile swichi ya kiti ilikuwa inanisumbua, inazima nikipita kwenye matuta. Nikaunganisha waya mbili, sasa iko fiti. Kuna ubaya?

Mwandishi: Upo. Ukianguka kwenye mteremko visu vinaendelea kuzunguka. Rudisha ilivyokuwa.

Otis_K: Lakini mimi niko makini, siwezi kuanguka.

Mwandishi: Hata mimi nilikuwa makini. Hatua ya 6.

Mvita_Moja: Salaam fundi. Nina swali linalonikosesha usingizi. Trekta yangu nilikuwa nayo Nyali miaka minne, haina kasoro. Nimehamia Lavington, nikaja nayo. Sasa inatoa moshi mweusi, plagi inapata masizi kila wiki, na nyasi zikiwa ndefu inalemewa. Filta nimeweka mpya, choki nimeihakiki inafunguka yote. Je, yaweza kuwa ni huu mwinuko wa huku?

Mwandishi: Wa aleikum salaam ndugu yangu. Umefanya kazi yote kabla ya kuuliza, ubarikiwe. Ndiyo, ni mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa ya hapa ni nyepesi. Kabureta yako haijui kwamba umehama, bado inamimina petroli kwa kipimo cha Nyali. Petroli nyingi kwa hewa kidogo ndiyo hayo masizi. Kampuni nyingi za injini huuza jeti ya kabureta, kile kitundu kinachopima petroli, iliyo ndogo zaidi kwa ajili ya miinuko. Chukua namba iliyopigwa kwenye injini yako, modeli yote na tarakimu zake, uende nayo dukani. Usikubali kutobolewa au kuzibwa jeti ya zamani kwa waya.

Mambo mawili zaidi. Hata ukiweka jeti, injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hiyo hapa umepungukiwa na kama asilimia 17 hadi 20. Huo ni ukweli wa hewa, sio ugonjwa. Kata nyasi kwa awamu mbili, deki juu kwanza. Na ukirudi Pwani siku moja, rudisha jeti ya zamani kabla hujawasha. Jeti ndogo kule chini itaipa injini petroli kidogo mno, itachemka, na valvu zitaungua.

Mvita_Moja: Ahsante sana. Ile ya zamani nitaitia kwenye kibahasha niifunge kwenye usukani.

Mwandishi: Ifunge kwenye kitabu. Usukani utakuja kuoshwa.

Kijana_Ruaka: Stendi mbili za chuma ni pesa. Mimi natumia tairi kuukuu na matofali, miaka mitano sasa.

Mwandishi: Sawa.

Kijana_Ruaka: Sawa maanake niendelee?

Mwandishi: Maanake nimeshaandika. Kama stendi ni ghali, toa deki na usiinue chochote. Hiyo ni bure.

Mama Shamba Kitengela: Mwalimu, hongera. Huku kwetu udongo ni mweusi wa pamba, ukilowa hata stendi zinazama. Mimi nina mabamba mawili ya chuma, kipande cha mlango wa kontena, naweka chini ya kila stendi. Na swali: kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba nikate kwa kupanda na kushuka ama kwa kukatisha?

Mwandishi: Dada, hilo la mabamba nimelichukua, litaingia kwenye somo. Kwa trekta ya kukalia, panda na kushuka, usikatishe, kwa sababu hupinduka ubavu. Ile ya kusukuma kwa mkono ni kinyume chake, katisha, ili isikurudie miguuni. Mteremko ukizidi nyuzi 15 achana na trekta, tumia fyekeo. Na usikate nyasi zikiwa na umande.

Njoro wa Rongai: Nimerudi. Stata inazunguka vizuri. Petroli ilikuwa ya Novemba, imekuwa kama chai ya rangi. Nimemwaga, nimeweka mpya, bado inawaka sekunde mbili na kuzima.

Mwandishi: Sasa tunaongea. Ikiwaka na kuzima, ina cheche lakini haishibi. Fungua kikombe cha kabureta, utakuta gundi ya kahawia kwenye jeti. Safisha kwa dawa ya kabureta na nyuzi laini ya brashi, sio msumari. Badilisha gasketi ya kikombe. Pia fungua kifuniko cha tangi kidogo ujaribu kuwasha. Ikikubali, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Njoro wa Rongai: Inanguruma!! Ilikuwa gundi. Samahani kwa lile swali la kwanza.

Otis_K: Fundi, nimetoa ule waya niliounganisha nikafungua chini ya kiti. Swichi ni nzima. Waya wake ndio umetafunwa na panya, umebaki uzi mmoja. Ndiyo maana ilikuwa inazima kwenye matuta.

Mwandishi: Kazi safi Otis. Unga waya kwa kulehemu na mpira wa kujikaza kwa joto, sio selotepu. Siku ukihitaji swichi yenyewe, nunua yenye namba ile ile, kwa sababu kuna zinazofunga mzunguko wa umeme ukiketi na kuna zinazoufungua, na kwa macho zinafanana. Na kama panya amefika kwenye kiti, toa kifuniko cha feni juu ya injini. Hupenda kujenga kiota kwenye mapezi ya silinda, na hapo hewa ya kupoza haipiti. Nimewahi kutoa humo nyasi za kujaza kofia ya pikipiki.

Mama Shamba Kitengela: Mimi panya niliwamaliza kwa paka wawili. Shida sasa ni paka. Wanapenda kulala kwenye trekta kukiwa na baridi.

Mwandishi: Juu ya kiti au chini ya deki?

Mama Shamba Kitengela: Kotekote.

Mwandishi: Basi piga deki teke mara mbili kabla ya kuwasha, usubiri, kisha uiname uangalie. Hatua ya 10 naibadilisha jioni hii.