Fomu ya kuripoti uchafuzi ambayo mama samaki ataijaza

Kama kikundi chenu kinatengeneza fomu ya mtandaoni ya kuripoti uchafuzi, anzeni kwa kufuta. Wanaokuja saiba yangu, duka la intaneti hapa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, wana karai mkono mmoja, simu mkono wa pili, na bando inakaribia kuisha. Ondoeni nambari ya kitambulisho, barua pepe na "aina ya kichafuzi". Bakisheni manne: umeona nini, wapi, lini, na je, bado kinaendelea? Jina liwe la hiari. Nani atamripoti jirani anayemwaga oili mtoni kama anajua jina lake litazunguka mtaani?

Kinachosumbua zaidi ni "wapi". Watu huandika "pale darajani, nyuma ya kanisa", na hapo mto Auji una madaraja kadhaa, makanisa usiseme. Waacheni waandike hivyo hivyo, kisha waombeni pini. Kwenye ramani ya Google unabonyeza mahali penyewe na kushikilia kidole hadi nambari mbili zitokee, unazinakili zilivyo. Kisumu iko kusini ya ikweta kidogo tu, kwa hiyo nambari ya kwanza huanza na alama ya kutoa, mfano -0.11. Alama hiyo ikidondoka, taka za Nyalenda zimeshahamia Vihiga, kaunti jirani kaskazini ya ikweta, na afisa atakayetumwa ataandika kwamba hakuona kitu. Mimi nikiona imekosekana napiga simu kwanza.

Picha mbili zatosha: moja ya mbali yenye kitu kisichohama, kama transfoma au ukuta wa shule, na nyingine ya karibu, pale bomba linapomwaga. Zikitumwa WhatsApp kama picha za kawaida, rekodi ya mahali zilipopigwa hufutika, kwa hiyo zitumwe kama faili. Mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, asidaiwe picha. Apige simu, nyinyi mjaze. Ujumbe wa sauti wa Kijaluo nao upokelewe, kuuandika ni kazi yenu.

Juu ya fomu wekeni sentensi moja kuhusu Katiba ya 2010: chini ya kifungu cha 70, hata anayekwenda kortini kudai mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia. Wengi hunyamaza wakidhani lazima kwanza mtoto augue.

Kujua nani apelekewe nini kusiwe mzigo wa mwananchi. Maji taka yakifurika barabarani, pelekeni KIWASCO, kampuni ya maji na maji taka ya Kisumu. Taka zisizozolewa ni za kaunti, na ripoti ya kiwanda kinachomwaga mtoni ni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Aliyeripoti apewe nambari fupi ya kufuatilia, na jibu likija arudishiwe kwa SMS, hata likiwa la kukatisha tamaa.

Ofisi hizo zikinyamaza, tumeni ombi la habari chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ulizeni jambo moja tu: ripoti hii, ya tarehe hii, alikabidhiwa nani na alifanya nini? Bakini na nakala yenye muhuri.