Somo: Kurekebisha mikwaruzo, pembe zilizomeguka na uchakavu kwenye fanicha za melamini na fomeka

Kabla hujanunua msasa, soma kwanza. Stendi ya TV, kabati la nguo linalokuja kwenye boksi ukalifunga mwenyewe kwa skrubu, meza ya ofisi, kaunta ya jikoni: nyingi ya hizi juu hazina mbao. Ile mistari ya mninga unayoiona ni picha iliyochapwa kwenye karatasi, karatasi ikaloweshwa utomvu wa melamini na kubanwa kwa joto juu ya chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizobanwa kwa gundi). Unene wake haufiki milimita moja. Ukiipiga msasa unafuta picha, na chini yake hukuti mninga, unakuta chenga za mbao zilizogandishwa kwa gundi. Kwa hiyo kazi yote hapa ni ya kuongeza: tunajaza, tunapaka rangi, tunaziba.

Jua una nini. Angalia sehemu iliyokatwa, kwa mfano chini ya kabati au ndani ya tundu la bawaba. Melamini ni ngozi nyembamba iliyoshikana na ubao, huwezi kuibandua. Fomeka ni jani gumu unaloliona kabisa kwa unene wake, mara nyingi likiwa na mstari wa kahawia au mweusi pembeni, na limegundishwa juu ya ubao. Milango ya jikoni yenye nakshi huwa imevishwa plastiki inayozunguka kona bila kiungo, na hiyo haipendi joto hata kidogo. Ukikuta mistari ya mbao haijirudii popote, huenda ni ngozi ya mbao halisi. Hiyo inavumilia msasa laini kidogo, ila matibabu yake ni mengine na si ya somo hili.

Vifaa: krayoni za watoto wa shule, gundi ya mirija miwili ya kuchanganya (epoksi), wembe, kadi ya benki iliyokwisha muda, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, spiriti, rangi ya kucha isiyo na rangi, pasi ya nguo. Kwenye maduka ya vifaa vya mafundi seremala kuna vijiti vya nta vya kujazia mikwaruzo, vigumu kuliko krayoni. Ukivipata, chukua hivyo.

Hatua ya 1: Safisha
Alama nyingi tunazoziita mikwaruzo ni uchafu ulioachwa na kitu kingine: weusi wa soli ya kiatu, kijivu cha sufuria ya alumini. Tumia maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa ukikamue mpaka kisidondoshe. Kilichobaki jaribu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, halafu spiriti. Acha pakauke kabisa.

Hatua ya 2: Pitisha ukucha
Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko juu tu, nenda hatua ya 3. Ukikwama, au ukiona weupe au chipubodi, ruka hadi ya 4.

Hatua ya 3: Mkwaruzo wa juu
Rangi ya viatu ya kopo, yenye rangi inayokaribiana na fanicha, inatosha. Paka kwa kidole, subiri dakika chache, sugua kwa kitambaa kikavu. Usifanye hivi kwenye kiti wala mahali mkono wa shati unapokaa, itahamia kwenye nguo. Na ikififia utarudia.

Hatua ya 4: Mkwaruzo ulioingia
Hapa ndipo watu wanapoharibu, na tatizo karibu kila mara ni rangi. Wanachukua krayoni moja ya kahawia, wanajaza, wanabaki na mstari mweusi unaoonekana kuliko mkwaruzo wenyewe.

Sogeza fanicha karibu na dirisha, maana taa ya umeme inadanganya rangi. Itazame ile picha ya mbao kwa karibu. Utaona rangi mbili: ya chini iliyotulia, mara nyingi kahawia hafifu au njano ya udongo, na juu yake mistari iliyokoza. Jaza kwanza kwa ile ya chini, tena chagua iliyopauka kuliko unavyodhani inafaa. Kukoza baadaye ni rahisi, kupausha haiwezekani. Kama krayoni moja haifanani, yeyusha vipande viwili kwenye kijiko juu ya mshumaa, koroga kwa njiti, dondoshea kwenye karatasi nyeupe uone ikishaganda. Nta ikiwa ya moto huonekana nyeusi zaidi, usiiamini mpaka ipoe.

Kandamiza nta kwenye mkwaruzo ukivuka mstari wake, si kuufuata. Kwangua ya ziada kwa ukingo wa kadi. Kisha kwa krayoni iliyokoza, iliyochongwa kama penseli, chora mistari miwili mitatu inayounganisha picha ya upande huu na ya upande ule. Jicho linafuata mistari, likiona haijakatika halitafuti kasoro.

Usipake rangi ya kucha juu ya nta. Haishiki, itabanduka kama ganda.

Hatua ya 5: Pembe iliyomeguka au shimo
Nta haifai hapa, tumia epoksi. Zungushia tepu ya karatasi ukiacha jeraha peke yake. Changanya kiasi sawa kutoka kila mrija isipokuwa pakiti iseme vinginevyo, ongeza unga laini wa mbao, ujaze mpaka ipande kidogo juu ya usawa. Toa tepu kabla haijaganda. Ikifikia ugumu wa jibini, ukucha unaacha alama lakini haizami, ichonge kwa wembe mpya uliolazwa karibu bapa. Ukichelewa ikawa jiwe, utalazimika kupiga msasa na utakwangua picha ya pembeni. Ikikauka kabisa, paka rangi ya akriliki kwa brashi nyembamba ukifuata utaratibu ule ule wa rangi mbili, kisha rangi ya kucha tabaka mbili nyembamba.

Hatua ya 6: Ukanda wa pembeni uliobanduka
Kama ni wa karatasi, gundi yake ya kiwandani bado iko nyuma. Weka kitambaa cha pamba juu, pasi kwenye joto la kati bila mvuke, pitisha taratibu, kisha bana kwa kipande cha mbao hadi upoe. Kama ni wa plastiki, pasi itaukunja. Tumia ile gundi ya mafundi viatu na makochi: paka pande zote mbili, subiri mpaka kidole kisinate, kisha bandika kwa mara moja. Ukishagusa hausogei tena, kwa hiyo lenga vizuri. Baki la ukanda liondoe kwa tupa ukisukuma kuelekea kwenye ubao. Ukivuta kwenda nje utaubandua upya.

Uchakavu mpana, kama pale mkono unapokaa kwenye meza miaka nenda rudi, hauna dawa ya krayoni. Funika kwa stika ya vinili au gundisha jani jipya la fomeka juu. Hapo tu ndipo msasa unaruhusiwa, kukwaruza ngozi ya zamani ili gundi ishike.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, mimi nina meza ya kulia, fundi wa mtaani kwetu anasema ataipiga randa na kuipaka vanishi iwe mpya. Nimpe?
Muulize kwanza kama ameangalia sehemu iliyokatwa, chini ya meza. Ikiwa ni mbao halisi, mpe kazi. Ikiwa ni melamini, randa itakuachia chipubodi tupu.

Mama watoto aliweka sufuria ya moto kwenye kaunta ya fomeka, pamebaki duara la kahawia. Kuna namna?
Pole kaka. Utomvu wenyewe umeungua, haurudi. Ile duara nyeupe ya kikombe kwenye meza ya vanishi ni mvuke ulionaswa, na mara nyingine hutoka. Hii yako ni kama nywele zilizoungua. Kata jani jipya, au tafuta mahali pa kudumu pa kuweka trei.

Kabati la chini ya sinki limevimba kama mkate. Nikikausha juani litarudi?
Halirudi, dada. Chipubodi ikinywa maji, chenga zinavimba na gundi inaachia. Likauke hata wiki nzima, unene unabaki. Badilisha ubao ule mmoja tu. Kabla ya kuufunga, paka silikoni kwenye kingo zote zilizokatwa, hasa ile ya chini inayogusa sakafu, maana ndiyo inayokunywa maji ya kudeki. Na tengeneza bomba linalovuja kwanza.

Kabati langu ni jeupe la kung'aa. Naweza kutumia wino mweupe wa kufutia makosa?
Ukitaka kuficha kwa leo tu, sawa. Wino huo haung'ai na unafutika ukiguswa. Nunua kichupa cha rangi ya kuzibia mikwaruzo ya friji, ila ijaribu kwanza nyuma ya mlango kwa sababu weupe una aina nyingi. Na usisugue dawa ya meno kwenye uso unaong'aa, itaacha ukungu.

Krayoni yangu inalainika mchana, kabati liko karibu na dirisha. Tatizo ni nini?
Jua linaipata. Itoe kwa kadi, futa nta iliyobaki kwenye mfereji kwa tapentaini, malizia kwa spiriti, ujaze kwa epoksi kama hatua ya 5. Vivyo hivyo kwa meza inayowekewa vikombe vya chai ya moto.

Mtoto amechora kwa maka juu ya stendi ya TV.
Spiriti kwenye pamba, gusa na kuinua, usisugue. Badilisha pamba kila ikichukua rangi.