Kulinganisha upepo wa jua na mipigo ya magnetosfia

Juzi mwanafunzi wa uzamili aliniletea grafu mbili, ya upepo wa jua (chembe zinazotiririka kutoka Jua) na ya uga wa sumaku wa Dunia, akalalamika kwamba hazifuatani hata kidogo. Nilicheka. Kosa hilohilo liliwahi kunila siku mbili nzima.

1. Chagua siku. Msongamano wa protoni katika upepo uwe ukipanda na kushuka kila dakika 5 hadi 15, kasi ikiwa imetulia. Upepo unapobana magnetosfia (eneo linalotawaliwa na uga wa sumaku wa Dunia) kisha kuilegeza, uga wa ndani nao hupanda na kushuka. Siku za kasi ya kilomita 600 kwa sekunde na zaidi ziache kwanza: mawimbi yanayozaliwa ubavuni mwa magnetosfia, kama upepo unavyokunja maji ya bahari, yatakuvuruga.

2. Pakua data. OMNI (mkusanyiko wa NASA wa vipimo vya upepo wa jua) ya dakika moja, na vipimo vya uga wa sumaku vya setilaiti ya GOES inayozunguka Dunia, ikiwa upande wa mchana. Tumia Python. Excel iachie wahasibu.

3. Panga muda. Hapa ndipo watu huzama. Vyombo vya angani ACE na Wind hupima upepo takriban kilomita milioni 1.5 kabla haujatufikia. Kwa kasi ya kilomita 400 kwa sekunde, hiyo ni kama saa moja. Basi mtu anasogeza data saa moja mbele, anaridhika. Lakini OMNI *imeshasogezwa* hadi mbele ya magnetosfia! Ukiisogeza tena umeharibu. Ukitumia data ghafi ya ACE, sogeza mwenyewe, na usitumie saa moja kwa siku nzima, maana kasi ikibadilika muda nao unabadilika. Hata OMNI inaweza kukosea dakika kadhaa, hilo livumilie.

Halafu kuna 999.99 kwenye msongamano. Hicho si kipimo, ni alama ya pengo. Ukiisahau, itakuchorea mlima ambao haupo. Pengo la dakika mbili tatu liunganishe. Likiwa refu, tafuta siku nyingine.

4. Mgandamizo wa upepo. Zidisha 0.00000167 × msongamano × kasi × kasi. Protoni 5 kwa sentimita ya ujazo, kwa kasi ya 400, hutoa nanopaskali 1.3 hivi.

5. Spektra, yaani nguvu ya kila kasi ya mipigo, ya mgandamizo na ya uga wa GOES. Ondoa mwelekeo wa polepole wa kupanda au kushuka, kata vipande vya saa tatu, tafuta vilele kati ya milihezi 1 na 5 (milihezi 1 ni mpigo mmoja kila sekunde 1000). Kilele kufanana pekee hakunishawishi, kwa sababu magnetosfia ina milio yake yenyewe kama ngoma. Pima pia kama mipigo ya upepo na ya uga inakwenda pamoja, hatua kwa hatua.

Kijana alifuta mstari mmoja wa msimbo, ule uliosogeza OMNI mara ya pili. Mabonde yakalala juu ya mabonde.