Kabla hujaingia kikao chako cha kwanza cha AA

Jina langu silitaji, na hiyo yenyewe ni kanuni mojawapo utakayoikuta ndani. Nina miaka 9 bila pombe, ndani ya AA (Alcoholics Anonymous), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha kunywa. Ninayokuandikia hapa ndiyo ambayo ningetamani kuambiwa kabla ya kufungua ule mlango.

Kwanza kabisa, afya. Ikiwa unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate ya kutuliza, muone daktari kabla ya kuacha. Kukata pombe ghafla kunaweza kuleta degedege na kuweweseka, na watu hufa. Kikao hakichukui nafasi ya daktari.

Kisha ujue ni kikao cha aina gani. Kikao cha wazi huingia yeyote, hata dada yako anayetaka kukusindikiza. Kikao cha ndani ni cha mwenye shida ya pombe mwenyewe. Ndugu na wenzi wana chama chao, Al-Anon, tangu mwaka 1951. Fika dakika kumi mapema, kaa popote. Hakuna fomu wala ada, na hakuna atakayekudai uthibitishe kwamba wewe ni mlevi. Mila ya tatu kati ya zile 12, yaani kanuni zinazoongoza vikundi vya AA, inataka kitu kimoja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Kapu litapita mkononi mwako, maana kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama. Mgeni akilipitisha bila kutia kitu hakuna anayemtazama.

Siku yangu ya kwanza mzee mmoja alinimiminia kahawa, akaishia nusu kikombe. Nikadhani ananibania. Nilipokiinua mikono ikatetemeka vile inavyotetemeka, na haikumwagika hata tone. Mzee alikuwa ameshageuka anaongea na mwingine. Kumbe alijua, kwa kuwa naye aliwahi kukishika kikombe hivyo hivyo.

Utasikia kila anayesema akianza hivi: "Naitwa fulani, mimi ni mlevi," na wote wanamjibu kwa kumsalimu kwa jina. Jina moja linatosha. Zamu ikikufikia na huna la kusema, sema, "Leo nasikiliza tu." Inakubalika kabisa, hata mwezi mzima.

Sasa kanuni ambayo mimi niliivunja, na ndiyo naitaka uishike kuliko zote: mtu akizungumza, usimjibu. Usimkatize, usimpe ushauri, na zamu yako ikifika usirudi kwenye mambo yake. Wiki yangu ya pili mama mmoja alieleza jinsi mwanawe anavyokataa kuongea naye. Nikadakia, "Mpigie tu simu, mtoto ni mtoto." Akanyamaza, akakunja kitambaa alichoshika, hakuendelea tena. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Hapa kila mtu anasema yake." Baada ya kikao nilimwomba yule mama radhi. Akaniambia kwake kila mtu ana ushauri. Kikaoni ndipo mahali pekee alipokuwa anamaliza sentensi.

Ukilielewa hilo, umeelewa chama kilivyoanza. Mwaka 1935, huko Akron, Ohio, nchini Marekani, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache alimtafuta mlevi mwenzake, daktari wa upasuaji, kwa sababu alikuwa anaogopa kurudi chupani. Alimsimulia yaliyompata yeye. Daktari alikwishahubiriwa vya kutosha na watu wasiokunywa pombe. Safari hii alimsikia mtu anayeyajua. Kwa hiyo ukiwa na neno kwa mwenzako, limege kutoka maisha yako: "Mimi ilinitokea hivi." Kama ni ushauri hasa, msubiri nje, umuulize kama anautaka.

Maneno mengine utayazoea haraka. Kuteleza ni kunywa tena baada ya kuacha. Anayeteleza hurudi, anapokewa, anaanza kuhesabu upya. Ulevi mkavu ni kuacha chupa na kubaki na hasira na uongo ule ule wa zamani. "Leo tu" maana yake usiahidi maisha yote, ahidi mpaka ulale. Sarafu ni alama ya muda uliokaa bila kunywa, kuanzia saa 24. Neno Mungu utalikuta ndani ya Hatua 12, yaani mpango wa AA wa kupona ulevi, likifuatwa na "kama tulivyomfahamu". Wasioamini wapo wengi vikaoni, usikimbie kwa ajili hiyo.

Sponsa ni mwanachama mzoefu anayekuongoza katika hizo hatua. Usimchague kwa ufasaha wake wa kusema. Tafuta mtu ambaye amezipitia hatua mwenyewe, ana sponsa wake, na ambaye hapatazuka mapenzi kati yenu.

Unayemwona ndani na unayoyasikia, yaache ndani. Ukikutana na mwanachama akiwa na watu wake, msalimie kama unavyomsalimia mtu yeyote, usiseme mnajuana wapi.

Kuna maswali manne wanayofundishana wazee wa kikundi, ya kujiuliza hamu ikipanda: Nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Nilidhani ni mambo ya watoto.

Usitoke bila namba za simu. Omba mbili au tatu, na ukipiga, piga kabla ya kunywa. Mimi nilipiga usiku wa siku ya tatu, saa nane, kwa yule mzee wa kahawa. Iliita mara mbili akapokea. Sikuwa hata nimemaliza kujitambulisha akaniuliza, "Umekula?" Nilikuwa sijala tangu jana yake.