Namna ya Kuamua Iwapo Hujuma Ina Nafasi katika Seva Yako ya Minecraft

Kila anayefungua seva ya Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa bloku, kwa ajili ya ndugu na marafiki hukutana na swali hili mapema kuliko alivyotarajia, na mara nyingi hukutana nalo siku ambayo nyumba ya mtu imekwisha kuteketea. Je, mchezaji anayebomoa alichojenga mwenzake, anayemwaga lava juu ya paa lake, au anayemvizia mgeni mahali pa kuanzia na kumuua mara kumi mfululizo, anacheza au anaharibu mchezo? Wachezaji huiita tabia hiyo grifingi. Mimi nitaiita hujuma, kwa maana ya uharibifu wa makusudi ambao raha yake iko katika kuumia kwa mwingine. Mwongozo huu ni wa mwenye seva ndogo ya toleo la Java, yenye watu watano hadi hamsini hivi, anayetaka kuamua mapema jambo hilo lipewe nafasi gani, kisha aulinde uamuzi wake kwa kanuni na kwa zana.

Msimamo wangu nautaja mwanzoni ili msomaji ajue anapoongozwa: hujuma ina nafasi pale tu ambapo anayepoteza alijua, kabla ya kuingia, kile kinachoweza kupotea, na akakubali kukiweka hatarini. Bondia hawezi kushtaki kwamba amepigwa ngumi usoni akiwa ulingoni, lakini ngumi hiyohiyo akipigwa kituoni akisubiri daladala ni kosa, hata kama aliyempiga ni bondia mwenzake.

Anza kwa kuchagua aina ya dunia unayoifungua

Kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio, amua dunia yako ni ulingo au ni kituo cha daladala. Michezo mikubwa imekwisha kulipa ada ya kujifunza jambo hili, nasi tunaweza kusoma bure.

Ultima Online, uliotoka mwaka 1997, uliwaacha wachezaji wauane na kuporana karibu kila mahali nje ya miji yenye walinzi. Wapo walioipenda hatari hiyo, lakini wapo wengi zaidi waliochoka kuvuliwa kila walichokusanya na mtu ambaye hakukihitaji. Mwaka 2000 watengenezaji waliigawa dunia hiyo mara mbili: Felucca, ambako sheria za zamani zilibaki, na Trammel, nakala ya ardhi ileile ambako huwezi kumshambulia mwenzako bila ridhaa yake. Wachezaji wengi walihamia Trammel, na fisi waliobaki Felucca wakajikuta wanatazamana wao kwa wao. Kwa mwenye seva, hapo pana funzo la hesabu kabisa: mhujumu humtegemea anayehujumiwa, na mbuzi wakipewa zizi hawarudi porini kwa hiari.

EVE Online, wa kampuni ya CCP ya Aisilandi, ulichagua njia nyingine tangu mwaka 2003. Humo kutapeliwa ni sehemu ya mchezo, na hata katika maeneo yanayoitwa salama mtu anaweza kuilipua meli yako ya mizigo. Hata hivyo, kitendo hicho kina bei. CONCORD, polisi wa mchezo huo, hawazuii shambulio, lakini humfikia mshambuliaji na kuiharibu meli yake, kwa hiyo kabla ya kushambulia lazima apige hesabu kama mzigo wako unalipa hasara yake. Jambo ambalo wengi hulisahau wanapoutolea mfano mchezo huo ni kwamba kuwaonea wachezaji wapya katika maeneo ya kuanzia kumekatazwa. Mchezo unaosifika kwa ukatili umemwekea mgeni uzio, kwa kuwa mgeni bado hajui alichokubali.

Upande wa mwisho kabisa iko 2b2t, seva ya Minecraft iliyofunguliwa Desemba 2010, isiyo na kanuni na ambayo dunia yake haijawahi kuanzishwa upya. Eneo la kuanzia limegeuka jangwa la mashimo na mabaki, na wanaotaka kujenga husafiri mamia ya maelfu ya bloku ili wasionekane. Hapo mtu akibomolewa jumba lake, sioni la kulalamikia, kwa sababu sifa ya seva hiyo humfikia mtu kabla hajafika kwenyewe. Ukitaka kufungua seva ya namna hiyo, ifungue bila haya, ila jina lake na tangazo lake viseme hivyo waziwazi, na usiwaalike humo watoto wa dada yako kwa maneno ya “njooni tujenge”.

Seva nyingi za kifamilia hazijachagua, na humo ndimo ugomvi unamozaliwa. Mmoja ameingia akidhani yuko Trammel, mwingine akidhani yuko 2b2t, na wote wawili wana haki kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Usidhani kanuni ikiruhusu mambo yameisha

Lipo tukio linalonisumbua kila ninapojaribu kuurahisisha msimamo wangu. Mwaka 2006, katika seva ya mchezo wa World of Warcraft inayoruhusu mapigano kati ya pande mbili, mchezaji mmoja alifariki dunia kwelikweli, na wenzake wakaandaa mazishi ya heshima ndani ya mchezo, katika eneo lenye theluji la Winterspring. Tangazo lilitolewa hadharani. Waombolezaji walipopanga foleni mbele ya mhusika wake, kundi la wapinzani liitwalo Serenity Now liliwavamia na kuwaua, kisha likasambaza video.

Kwa kipimo nilichokitoa juu, wavamizi walikuwa ndani ya kanuni: eneo lilikuwa la mapigano, seva ilikuwa ya mapigano, na kila aliyekuwapo alilijua hilo alipojiandikisha. Watetezi wao walisema hivyo hasa, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, naona ilikosea mahali pamoja. Waombolezaji walikubali kuhatarisha wahusika wao. Msiba hawakuuleta uwe mchezo, ingawa waliuleta mahali pa mchezo. Waliopoteza siku ile hawakupoteza silaha wala pointi, walipoteza saa moja ya kumlilia mtu, na hakuna mipangilio ya seva inayoweza kuirudisha. Ndiyo maana katika seva yangu, ambayo ina eneo la mapigano, ipo kanuni ya ziada: mchezaji yeyote anaweza kumwomba msimamizi atangaze muda wa utulivu kwa sababu iliyo nje ya mchezo, na katika muda huo mapigano yote husimama. Imetumika mara chache sana, na sijaona aliyeilalamikia.

Andika kanuni zinazotaja vitendo

“Tuheshimiane” si kanuni, ni dua. Kanuni inayosaidia hutaja kitendo, mahali na mwenye ruhusa. Kwa mfano: “Ni marufuku kuvunja, kuchoma au kumwagia lava kitu chochote ambacho hukukijenga, isipokuwa ng’ambo ya mto, ambako vita vinaruhusiwa na kila kinachojengwa kinaweza kubomolewa.” Taja pia kuiba kutoka kwenye masanduku, kuua mifugo ya mtu, na kumvizia mtu anapofufuka, kwa sababu kila kimoja kitakuja na wakili wake anayesema kwamba hakikutajwa.

Kwa sisi tunaocheza kwa bando na kwa umeme unaokatika bila taarifa, ongeza jambo moja ambalo seva za ughaibuni hulipuuza: mashambulizi dhidi ya mtu asiyekuwapo. Vita vinaweza kuruhusiwa, lakini kuivamia ngome ya mtu ambaye mtaa wake uko gizani tangu jioni si ujasiri. Sisi tuliamua kwamba ngome haivamiwi mpaka angalau mmoja wa wenyewe awe mtandaoni, na vita vikawa vikali zaidi, kwa kuwa sasa lazima kuwe na mtu wa kupigana naye.

Andika kanuni hizo kwenye vibao mahali pa kuanzia, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuviona. Ridhaa unayoidai baadaye inaanzia hapo.

Weka zana, kisha zijue mipaka yake

Kwa dunia iliyofungwa, zana ya kwanza ni orodha ya walioruhusiwa, ambayo huwashwa kwa amri ya /whitelist on, na majina huongezwa kwa /whitelist add likifuatiwa na jina la mchezaji. Hiyo peke yake huondoa wapita njia wanaotafuta seva zilizo wazi ili wazibomoe. Katika faili la server.properties mna pia kipengele cha spawn-protection, ambacho kwa kawaida huwa 16 na hulinda mraba wa bloku 33 kwa 33 kuzunguka mahali pa kuanzia. Wengi huhangaika wakiona hakifanyi kazi, na sababu yake ni ndogo: hakianzi kulinda mpaka seva iwe na angalau msimamizi mmoja aliyesajiliwa.

Ukitumia Paper au Spigot, programu za kuendeshea seva zinazopokea nyongeza, ongeza programu-jalizi mbili. GriefPrevention humwezesha mchezaji kujipimia kiwanja kwa koleo la dhahabu, kwa kugusa pembe mbili zinazotazamana, na ndani ya kiwanja hicho wengine hawawezi kujenga wala kubomoa mpaka awaruhusu kwa amri ya /trust. Mgeni anapoweka sanduku lake la kwanza, hupimiwa kiwanja kidogo moja kwa moja, jambo linalofaa sana kwa mtoto asiyesoma maelekezo. Nayo CoreProtect huandika kila bloku iliyowekwa au kuvunjwa, nani alifanya na lini, kuanzia siku ulipoiweka. Ndiyo maana nashauri iwekwe siku ya kwanza, kwani haiwezi kukusimulia ya jana.

Ipo mipangilio ya kuwazuia viumbe wa mchezo wasiharibu mazingira, inayojulikana kama mobGriefing, na mwenye seva anayechukia mashimo ya Creeper, kiumbe anayejilipua, hukimbilia kuizima. Fikiri kwanza. Ukiizima, wanakijiji hawatavuna mazao, kwa hiyo utakuwa umemhujumu mkulima ili kumlinda mjenzi.

Nakala rudufu ya dunia nzima, angalau mara moja kwa siku na ihifadhiwe nje ya mashine ya seva, haihitaji maelezo.

Chunguza kabla ya kumfukuza mtu

Hapa nina deni la kukiri. Katika likizo moja ya Desemba, nyumba ya mbao ya mpwa wangu iliungua yote, na kijana mmoja wa jirani alikuwa ameonekana hapo dakika chache kabla. Alikuwa mtundu, alikuwa na historia, nami nikamfungia bila kumsikiliza. Siku mbili baadaye, nilipotulia na kuandika /co inspect, amri ya CoreProtect ya kukagua bloku, kisha nikagonga mahali palipokuwa na ukuta, kumbukumbu ilionyesha kwamba moto uliwashwa na mpwa wangu mwenyewe. Alikuwa amejijengea sehemu ya kuotea moto chini ya paa la mbao, na katika Minecraft moto huruka hadi kwenye mbao zilizo karibu hata kama hakuna mtu mwovu. Nilikwenda kumwomba radhi yule kijana kwao, mbele ya mama yake.

Tangu siku hiyo nafuata utaratibu ambao nakushauri nawe uufuate. Piga picha ya uharibifu kabla ya kurekebisha chochote. Kagua bloku kadhaa, si moja tu, kwa kuwa mbomoaji wa mwisho si lazima awe wa kwanza. Msikilize mtuhumiwa bila kumwambia ulichokiona. Ukithibitisha, rudisha hali ya mwanzo kwa amri kama /co rollback u:jina t:3h r:30, ambayo hufuta alichofanya mtu huyo katika saa tatu zilizopita ndani ya umbali wa bloku thelathini. Ukikosea, /co restore pamoja na vipimo vilevile itatengua ulichotengua. Zingatia kwamba kurudisha bloku kwa amri moja hupunguza pia uzito wa kosa: hasara iliyotenguliwa kabla mwenyewe hajaamka haistahili adhabu sawa na ile iliyomfanya mtu aache kucheza.

Kuhusu adhabu, nazipenda fupi na zinazojulikana mapema. Siku tatu kwa kosa la kwanza, wiki mbili kwa la pili, kisha mlango ufungwe. Mhujumu anayesema alikuwa anatania apewe kazi ya kujenga upya kwa mkono, bila amri, akisimamiwa na mwenye nyumba. Nimeona watu wawili wakianza urafiki hivyo, na mmoja akiacha seva kwa hasira kabla hajafika kwenye paa.

Waulize walioondoka

Richard Bartle, aliyeunda MUD, mchezo wa maandishi wa wachezaji wengi, pamoja na Roy Trubshaw katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kuhusu aina nne za wachezaji: wanaotafuta mafanikio, wanaochunguza dunia, wanaotafuta watu wa kuzungumza nao, na wale wanaowawinda wenzao. Alieleza pia kwamba kundi moja likizidi au likipungua, mengine hubadilika nalo. Mwenye seva hawezi kuliona hilo kwa kuwasikiliza waliobaki, kwa kuwa waliobaki ni wale ambao kanuni zimewafaa. Kila baada ya miezi michache pitia orodha yako ya walioruhusiwa, tafuta majina ambayo hayajaingia kwa siku thelathini, na uwatumie ujumbe mfupi wa kuwauliza kilichowaondoa. Wengi watakutajia shule, kazi au bei ya bando. Yule mmoja atakayekutajia sanduku lililokombwa usiku, ambalo hakuwahi kulitolea malalamiko, mwombe tarehe na mahali lilipokuwa, kisha uende na /co inspect.